Kizibo cha juu kwanza: kumwongezea oili ya gia Kobe wa 1966

Marehemu baba alikuwa karani kwenye shamba la mkonge njia ya Muheza, na kila Jumamosi jioni alirudi nyumbani Ngamiani, Tanga mjini, na vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Gari lake lilikuwa Volkswagen ya 1966, injini ya 1300, ile yenye mgongo wa kobe. Sisi watoto hatukuliita gari, tulimwita Kobe. Baba alipofariki kaka zangu walichukua vilivyochukulika. Kobe akabaki uani chini ya mwarobaini, kuku wanatagia kwenye kiti cha nyuma, mpaka nikasema basi nipeni mimi. Mimi ni mwalimu wa hesabu. Gereji nilizowahi kuingia ni mbili tatu, na zote nilikaa kwenye benchi nikisubiri.

Nayaandika haya kwa sababu ya kizibo kimoja. Kobe hana difu, yale meno yanayogawa nguvu kwa magurudumu, iliyojitenga nyuma kama Land Rover. Giaboksi na difu vimekaa chungu kimoja, mbele ya injini, chini ya kiti cha nyuma, na oili yao ni moja. Chungu hicho kina kizibo cha kumwagia kwa chini, na cha kujazia ubavuni upande wa kushoto, yaani upande wa abiria kwa magari yetu, mbele kidogo ya bomba la ekseli. Cha chini unakiona ukiinama tu. Cha ubavuni hukioni mpaka ulale chali, na ukishakiona mkono hautoshi, ukitosha chupa ya oili haigeuki. Oili ya gia ni nzito, haipandi mlima, na tundu linatazama pembeni. Hapo ndipo wengi wanaposema "ahh, itakuwa ipo tu", wanashusha gari, na giaboksi inaendelea kula meno yake mwenyewe.

Nilivyokosea mara ya kwanza

Mwaka ule niliomfufua Kobe, kila ukitia gia ya tatu alikuwa anavuma kama nyuki ndani ya debe. Mtoto wa kaka yangu, dereva wa bodaboda, akaniambia, "Shangazi, hiyo imekauka oili, tumwage ya zamani tutie mpya." Tukamwaga. Ikatoka kama lita moja na nusu, nyeusi, inanuka yai viza. Tukafurahi. Kizibo cha chini tukakirudisha, tukaenda cha ubavuni, hakifunguki.

Tulikihangaikia mpaka adhana ya alasiri. Yule mtoto akaunga bomba la maji kwenye alenki, ule ufunguo wa pembe sita, akaning'inia nalo kama anachota kisimani. Alenki ikaruka, ikamchubua vidole vinne. Kesho yake akaja fundi mmoja na mtungi wa gesi, anataka kukipasha moto kizibo. Nilikuwa nimesoma kitu kimoja tu kuhusu gari hili, nacho kiliniokoa: ganda la giaboksi ya Kobe ni la aloi ya magnesiamu. Magnesiamu ikishika moto inawaka kwa mwanga wa kuumiza macho, na ukiimwagia maji ndiyo kwanza unaichochea. Nikamwambia fundi ahsante baba, chukua nauli yako.

Kwa hiyo nikawa na gari lisilo na tone la oili, na mlango wa kuitilia umefungwa. Siwezi kuliendesha hata mpaka barabara ya lami. Limekaa vile siku kumi na moja, na kila jirani aliyepita alikuwa na ushauri.

Sababu zilikuwa mbili, na zote za aibu. Ya kwanza, tundu la pembe sita ndani ya kizibo lilikuwa limejaa tope na grisi ya miaka, limekauka kama kaukau. Alenki ilikuwa inaingia nusu tu. Tulikuwa tunashika ukingo wa tundu, si tundu lenyewe, na ndiyo maana iliruka. Ya pili naiandika polepole: tulikuwa tunakaza. Ukilala chali, kichwa upande wa injini, mkono umeupitisha juu ya bomba la ekseli na kizibo hukioni, kulia na kushoto vinabadilishana. Mwalimu wa hesabu mimi, nafundisha pembe na mizunguko, nimekaza kizibo siku nzima nikidhani nakifungua.

Basi kanuni ya kwanza, na hata usiposoma kingine chochote soma hii: cha juu kwanza. Usiguse kizibo cha chini mpaka cha kujazia kimelegea na umekitoa kwa mkono wako. Kikigoma, gari bado lina oili yake, mbovu lakini ipo, na unaweza kuliendesha taratibu mpaka kwa mtu mwenye shimo na mwanga. Na kama unaongeza tu, humwagi, basi cha chini hakikuhusu kabisa.

Vitu vya kuwa navyo

Alenki ya milimita 17. Hiyo ndiyo saizi ya vizibo vyote viwili, na kwenye seti za kawaida haimo, nyingi zinaishia 10. Mimi sikuipata kirahisi, ya kwanza niliazima. Sasa natumia kitu alichonionyesha mzee mmoja fundi baiskeli, na nakipenda kuliko alenki yenyewe. Tafuta boliti ya milimita 10 yenye kichwa cha 17. Kipime kwa spana kabla hujalipa, maana kuna boliti za milimita 10 zenye kichwa cha 16, na hizo zitakukwangulia kizibo. Boliti isizidi urefu wa kidole. Tia nati mbili kwenye meno yake, zibane moja dhidi ya nyingine kwa spana mbili mpaka zishikane. Kichwa cha boliti kinaingia kwenye tundu la kizibo, spana ya 17 unaiweka kwenye nati. Ukifungua, shika nati ya ndani, iliyo karibu na kichwa. Ukikaza, shika ya nje. Ukizichanganya, nati zinaachana na utabaki unazungusha hewa. Ukichoka na nati, fundi wa kuchomea atakushikishia moja kwa dakika mbili.

Uzuri wake ni kwamba spana inazunguka karibu kabisa na kizibo, pale ambapo mkono mrefu wa alenki unagonga kila kitu.

Oili sasa. Kobe anakula oili ya gia namba 90, na 80W-90 inafaa. Kujaza upya kunataka lita 2.5. Ikiwa giaboksi imefunguliwa na kukaushwa kabisa inachukua 3. Nunua kopo tatu za lita moja, ile nusu inayobaki ina kazi yake mbele. Lakini usitazame namba tu, geuza kopo usome nyuma. Unatafuta daraja linaloandikwa GL-4. Madukani nyingi ni GL-5, na muuzaji atakwambia hiyo ndiyo kali zaidi. Ni kweli, ni kali. Ina dawa ya salfa na fosforasi nyingi zaidi, ya kukinga meno yanayosagana kwa nguvu sana. Ila ndani ya giaboksi ya Kobe kuna pete za shaba, mafundi wanaziita sinkro, ambazo kazi yake ni kushikana kidogo ili gia iingie bila kupiga kelele. Oili inayoteleza mno inazinyima kushikana, na ile dawa inaweza kuitafuna shaba. Mimi nilizunguka maduka manne ya barabara zetu kabla sijaipata GL-4, na huyo wa nne aliiuza kwa kunionea huruma.

(Jirani ana Peugeot 404, na hatuelewani kuhusu gari gani lilikuwa bora. Yeye ananihesabia Safari Rally za 1963, 1966, 1967 na 1968, mimi namkumbusha ile ya kwanza kabisa ya 1953 ilikuwa ya Volkswagen. Namtaja kwa sababu ya difu yake. Ya 404 inazungushwa kwa skrubu, na ilitengenezewa oili yenye asili ya nyonyo. Ukiwa na 404, oili ninayoisema hapa usiipeleke kwenye difu yako.)

Kisha mpira. Hapa nimejaribu mengi. Mpira wa dripu ni mwembamba, oili nzito inalala ndani. Pampu ya mkono ya kuvutia mafuta ya taa inapasuka. Kinachofanya kazi ni ule mpira mweupe unaoonyesha ndani, ambao waashi hujaza maji kupimia usawa wa msingi. Kata mita moja na nusu. Unaingia kwenye tundu la kujazia na bado unaacha nafasi pembeni, na nafasi hiyo ni muhimu kuliko inavyoonekana: hewa lazima itoke hapo hapo oili inapoingilia. Mpira ukiliziba tundu, oili inasimama.

Mwisho chupa ya maji ya lita moja na nusu. Kabla hujaikata, itie maji nusu lita nusu lita, kila mara uifunge, uigeuze kichwa chini, na uweke alama kwa kalamu ya wino mzito. Ikaushe juani mpaka isibaki hata jasho. Halafu kata kitako, chomeka mpira mdomoni, na uzungushie ukanda wa tyubu ya baiskeli, uvute kwa nguvu kila mzunguko. Tanga kwa tyubu chakavu hatujambo, omba tu. Kitako kilicho wazi kifunike kwa kipande cha kanga, maana huku kwetu upepo wa mchana haukosi mchanga.

Kumweka Kobe sawasawa

Oili inapimwa kwa usawa wa tundu, kwa hiyo gari lililoinuliwa upande mmoja linadanganya. Ukiinua kushoto, unajaza kupita kiasi. Ukiinua kulia, inamwagika ukiwa hujafika nusu. Na jeki kwenye uwanja wa mchanga inazama huku unaitazama.

Mimi nina vipande vinne vya mataruma ya zamani ya reli, vya mbao, baba alivipata sijui kwa nani, na kila kimoja kina unene wa karibu shubiri. Naviweka mbele ya magurudumu manne, na vipande vya mbao nyembamba kama ngazi. Mtoto wa kaka anamwelekeza dereva, dereva mimi, na Kobe anapanda yote manne kwa pamoja. Breki ya mkono, gia ya kwanza, kigingi mbele na nyuma ya gurudumu. Analala sawa kama meza na mimi naingia chini na dera langu. Kama huna mataruma, tafuta gereji yenye shimo, chini ya mwembe au mkungu. Kitu nisichokitaka hata kukisikia ni gari kusimamishwa juu ya tofali za bloku. Bloku haipindi kabla ya kuvunjika, inavunjika tu.

Kabla ya yote hayo, mwendeshe. Mimi naenda mpaka Amboni na kurudi. Oili iliyopata moto inatoka na uchafu wake, ya baridi inauacha ndani. Wakati huo kopo mpya nimeziweka juu ya bati tangu saa mbili asubuhi. Miezi ya kaskazi, saa nne oili namba 90 inateremka kama asali iliyopashwa. Kipupwe naziweka ndani ya sufuria ya maji ya moto, mbali na jiko.

Kazi yenyewe

Tandika mkeka, jifunge kichwa, lala chali. Chukua bisibisi nyembamba iliyochakaa na kikombe cha mafuta ya taa. Pangusa kwanza eneo zima la kizibo cha kujazia, kwa sababu mchanga wote uliopo pale unangoja ufungue ili uingie. Kisha chokoa lile tundu la pembe sita. Utatoa tope gumu, halafu grisi nyeusi, halafu tena tope. Endelea mpaka bisibisi igonge chuma na usikie mlio wa chuma. Kwenye Kobe wangu kina kinafika kama kiungo kimoja cha kidole. Ingiza kichwa cha boliti, kiingie chote, kikae bila kucheza. Kikicheza bado hujamaliza kuchokoa.

Sasa mwelekeo. Usifikiri kwa kulia na kushoto. Fikiria umesimama nje ya gari upande wa abiria, unakitazama kizibo uso kwa uso kupitia gurudumu, na saa ya ukutani imetundikwa juu yake. Unafungua kinyume na saa. Mimi nilichora mshale kwa rangi ya kucha kwenye bomba la ekseli, na bado upo.

Vuta kwa mguso mmoja mfupi, si kwa kuning'inia. Kikikataa, gonga kichwa cha boliti mara tatu nne kwa nyundo ndogo, kiasi cha kupasua jozi ya korosho, tia mafuta ya taa, nenda kanywe chai. Rudi, gonga tena. Changu kilifunguka siku ya kumi na moja kwa mlio mdogo kama wa kuvunja kucha, na nikapiga kelele mpaka mama mwenye banda la mihogo akaja mbio akidhani gari limenilalia.

Kikitoka, ingiza kidole cha shahada, kikunje chini. Oili inatakiwa kufika ukingo wa chini wa tundu. Ukiigusa hapo, rudisha kizibo, kazi imekwisha, hukuhitaji kuongeza. Ukiigusa kwa ncha ya kidole kilichonyooka kwenda chini, imepungua kidogo. Ukigusa hewa, shika mpira.

Nusa na utazame kidole chenyewe. Nyeusi ni kawaida ya uzee. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na hapo usiongeze, mwaga yote. Kobe wangu aliwahi kutoka hivyo baada ya masika moja, mtaa wetu ulipokuwa bwawa na mimi nikajifanya nahodha.

Kama unamwaga, beseni chini, fungua cha chini, mwache nusu saa. Kwangu kipo kimoja. Ukiwa na Volkswagen ya zamani zaidi unaweza kukuta viwili, fungua vyote. Kizibo hiki kina sumaku, na sumaku itatoka na ndevu za chuma. Zikiwa laini kama unga wa wanja, shukuru, hiyo ni kazi ya kila siku ya meno. Ukikuta vipande vyenye ncha, vinavyong'aa na kukwaruza, piga picha, vihifadhi kwenye kikaratasi, maana mtu wa giaboksi atataka kuviona. Futa sumaku, rudisha kizibo, na usikikaze kwa hasira. Ganda ni laini, meno yake yakikatika umejinunulia giaboksi. Kaza kwa spana fupi na nguvu ya kiwiko, mwili usihusike.

Kujaza ndiko kunakohitaji akili. Pitisha mpira kutoka kwenye tundu, juu ya bomba la ekseli, utokee nje kati ya gurudumu la nyuma na ubao wa kukanyagia. Ncha yake iingie ndani ya tundu kiasi cha vidole viwili, uifunge kwa waya kwenye bomba isije ikachomoka. Chupa itundike kwa ndoano ya waya wa hanga kwenye ule ukingo wa paa unaokinga mvua. Hapo ina urefu wa kutosha, oili itashuka yenyewe. Mimina nusu lita, ikishuka mimina nyingine.

Ikifika lita moja, au moja na nusu, itaanza kumwagika kwenye tundu. Mara ya kwanza nilidhani imejaa. Nikafunga kizibo nikaenda zangu, na yule nyuki akawa bado yumo kwenye debe. Haikuwa imejaa. Chungu kile kina vyumba, gia huku na difu kule, na mabomba ya ekseli pembeni nayo yanataka fungu lake. Njia za kutoka chumba hadi chumba ni nyembamba, na oili nzito haina haraka. Inajaa ilipo kwanza, inachungulia nje, halafu ndiyo inakumbuka kusambaa. Ikianza kutoka, bana mpira kwa kibanio cha nguo, subiri. Mimi huwa nakaa kwenye kibaraza na kahawa na kashata, kikombe kimoja kwa kila kituo. Usawa ukishuka, achia tena. Kopo ulizozihesabu ndizo zinazosema kweli: kama umemwaga yote na hujaingiza karibu lita 2.5, subiri tena, hata kama inatiririka mbele ya macho yako. Kwangu mimi vituo huwa vitatu, na tangu kumimina tone la kwanza mpaka la mwisho ni muda wa vipindi viwili vya darasa.

Ikiwa imeingia yote na inadondoka kidogo kidogo, iache idondoke mpaka ikome yenyewe. Usiizibe kabla ili "ibaki na ziada". Ziada kwenye Kobe wa ekseli za kuyumba hukimbilia kwenye mabomba, inapita sili za magurudumu ya nyuma, na inafika kwenye breki. Kobe asiyeshika breki mteremko wa Lushoto sitaki kumfikiria. Rudisha kizibo, kaza kwa kiwiko, pangusa kila kitu kikauke, ili kesho ukiona unyevu ujue ni mpya.

Ukiwa bado chini, mulika pale mabomba ya ekseli yanapoingia kwenye giaboksi. Kuna mipira miwili yenye mikunjo kama kinanda cha mkono. Ibonye mikunjoni. Ikiwa imepasuka, ndiyo iliyokuwa inakunywa oili yako, na utaongeza mpaka uchoke. Ipo ya kubadilisha yenye mshono, unaifunga kwa skrubu bila kuchomoa ekseli. Mshono uuelekeze pembeni, usitazame chini.

Ile nusu lita

Watu wengi hawajui kwamba sanduku la usukani nalo lina oili yake. Fungua boneti ya mbele, toa tairi la akiba. Chini yake kuna kifuniko kidogo cha bati, kifungue, utaliona sanduku na kizibo chake juu. Hapa mpira na chupa havifai, kuna nafasi ya ngumi tu na kinachohitajika ni kidogo mno, likiwa tupu kabisa halifiki hata robo lita. Nenda duka la dawa za mifugo, nunua bomba la sindano kubwa, lile la ng'ombe, sindano yenyewe waachie. Chomeka kipande cha mpira mwembamba, vuta oili, sindilia taratibu mpaka uione. Kwenye Kobe wangu lilikuwa kavu kabisa, na usukani uliokuwa unakwama kwenye kona ya Mkwakwani sikuusikia tena. Ukikuta ndani kuna grisi laini badala ya oili, kuna aliyekutangulia, usichanganye, ongeza hiyo hiyo.

Oili chafu usiimwage mtaroni, mtaro wetu wote unaishia baharini na samaki wa jioni tunamnunua hapo hapo. Mimi yangu anaichukua seremala wa mtaa wa pili, anapaka miguu ya vibanda kuzuia mchwa. Harufu yake haitoki mikononi kwa sabuni. Inatoka kwa sukari na ndimu, sugua kabla ya kulowesha.

Siku hiyo mwendeshe kidogo, mpaka Raskazone na kurudi, umwache alale. Asubuhi akiwa baridi, fungua tena kizibo cha ubavuni uingize kidole, kwa sababu mabomba ya ekseli yatakuwa yameshakunywa na mara nyingi panatakiwa vijiko kadhaa. Usiku huo huo mtandikie kipande cha boksi chini yake. Ukikuta tone moja chini ya kizibo cha chini, kiongeze mguso mdogo wa spana. Ukikuta doa ndani ya gurudumu la nyuma, hiyo ni sili ya ekseli, na mpaka itengenezwe Kobe hatoki uani.